Chungu Kilichooshwa kwa Udongo

Supu ya mifupa haiozi. Anayekwambia inaoza hajui kuiweka, na siku hizi wasiojua ndio wengi, maana kila mtu ana friji na akili yake kaitia humohumo. Mie nilifunzwa na mama yangu, huko kwetu kusini ya Pemba, na yeye alifunzwa na mama yake. Kongoro la ng'ombe unalibabua motoni mpaka nywele zote ziungue, unalikwangua kwa kisu liwe jeupe, unalivunja kwa shoka ili uboho upate njia ya kutoka. Unalitia chunguni kwa maji baridi, si ya moto. Povu la mwanzo unaliengua lote. Kisha unatia tangawizi iliyopondwa, pilipili manga na kijiti cha mdalasini, unaondoa kuni, unaacha makumbi ya nazi yafuke taratibu, na unakwenda zako kupalilia muhogo. Ukirudi alasiri ndiyo kwanza inaanza kuwa supu.

Na kuiweka nako kuna adabu yake. Chumvi huitii humo, ndimu huitii. Vitu hivyo anajitilia mnywaji bakulini mwake. Mafuta yanayoganda juu huyachezei, hayo ndiyo kifuniko. Upawa uwe mkavu, maana likiingia tone moja la maji mabichi, basi umekwisha. Alfajiri unaichemsha, na kabla ya magharibi unaichemsha tena, halafu hufunui wala huchungulii. Chungu kinakaa juu ya uchaga, moshi wa jikoni unakipita, sisimizi hawakifikii. Mama alikuwa na chungu chake cha kazi hiyo, kinene, cheusi, hakipikiwi kitu kingine. Kila mwanamke wa ukoo wetu aliyejifungua alinyweshwa supu ya chungu kile mpaka arubaini yake itimie. Mama alipofariki, mie ndiye niliyekirithi.

Nilikuwa nimeachika wakati huo, nimerudi kwa baba. Tulikuwa wawili tu nyumbani, mpaka mdogo wangu alipoletwa na mimba yake ya kwanza, maana kwetu mtoto wa kwanza huja kuzaliwa kwao mwanamke. Mumewe alikuwa akifanya kazi Tanga, salamu zake tukizipata kwa nadra. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kucheka. Hata na tumbo lile kubwa alikuwa akikaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi na kunichokoza: "Dada, ukinilea hivi mie ntazaa kila mwaka, shauri lako."

Mchinjaji wa kijiji chetu alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba wa tumbo moja. Alichinja kila Ijumaa, na alikuwa na desturi aliyoikuta kwa babu: ikisikika nyumba fulani pana mzazi, makongoro ya Ijumaa hiyo hayauzwi. Anayafunga kwa jani la mgomba, anakwenda kuyatundika mlangoni kwa mwenye mzazi, na anaondoka bila ya kubisha hodi. Haulizi ni nyumba ya nani. Tulikua tukiliita fungu la mzazi, na hakuna aliyewahi kulilipia wala kulishukuru kwa maneno. Lilikuwa haki ya mtoto.

Kisha ikaja siasa.

Vijana wakisikia neno siasa hudhani ni hotuba na bendera. Kwetu siasa iliingia jikoni. Watu wa chama chetu na watu wa chama chao waliacha kuteka kisima kimoja, wakaacha kupanda gari moja kwenda Mkoani, wakaacha kuzikana. Wake waliachwa kwa ajili ya chama. Na ikapigwa marufuku, sijui na nani, lakini ikapigwa, kwamba nyama iliyochinjwa na mtu wa chama chao haipiti koo la mtu wa chama chetu. Baba alikuwa wa chama chetu, tena wa mbele. Baba mdogo alikuwa wa chama chao. Mabwana wawili hawa walilala kitanda kimoja utotoni, masikio yao yalikuwa yamesimama namna moja, ukiwaona kwa nyuma huwajui yupi ni yupi, na sasa wakikutana njiani mmoja huingia msituni ili mwenzake apite. Chama chetu kilijitafutia mchinjaji wake, mtu wa kuungaunga, anachinja pakiwa na mkutano tu. Wazee husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Lo! Sie tulilima, wallahi, na tulichovuna ntakwambieni.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike katikati ya masika. Baba akamuadhinia, akamfunua kitambaa, akacheka: masikio yale yale, yamesimama. Kuku kijijini hawakuwapo, walikuwa wamekwisha kwa kideri. Bahari ilikuwa mbaya, samaki hawapatikani. Ijumaa ya kwanza nilipofungua mlango, fungu la mzazi lilikuwa limening'inia palepale pa siku zote, jani la mgomba bichi, kamba ya usumba.

Nikanyoosha mkono. Baba akasema nyuma yangu, "Usiliguse."

"Baba, ni la mtoto."

"Liache hapohapo. Na alione likioza, ajue."

Likaachwa. Nzi wakajaa, harufu ikaingia mpaka chumbani kwa mzazi, na mdogo wangu akawa anajifunika kanga puani huku anamweka mwanawe kwenye titi lisilotoa kitu. Nilimpikia uji wa mchele na pilipili manga, nikampikia mchuzi wa nazi mtupu. Maziwa yakaja kidogo, ya kumkera mtoto tu. Leo daktari ataniambia maziwa ya mama hayatoki kwenye mifupa. Na aniambie! Mie nilikuwapo, nilisikia mtoto anavyolia.

Jirani yetu mmoja alikuwa ananyonyesha. Alikuwa wa chama chao, lakini alikuja mwenyewe, kajitanda, akasema, "Nipeni mtoto nimpoze." Baba akamzuia mlangoni. Akasema mtoto akinyonya hapo atakuwa ndugu wa kunyonya na watoto wa chama chao, hawezi tena kuoana nao, na yeye hataki undugu huo. Mtoto ana siku ngapi duniani, na mtu anampigia hesabu za harusi! Yule bibi alilia akirudi kwake.

Nikaona basi. Nikapita njia ya mikarafuuni, nikamkuta baba mdogo anaosha visu vyake. Sikuwa nimesema naye tangu mambo yaharibike. Nikamwamkia, akaitikia, akaangalia kapu langu. Aliingia ndani akatoka na makongoro manne.

"Fungu lile limeoza, mwanangu?" akaniuliza.

"Limeoza, baba."

"Basi hili usilipitishe mlangoni."

Nilipikia jikoni, ambako baba hakuingia kamwe. Aliposikia harufu akauliza mifupa imetoka wapi. Nikamwambia imetoka kwa mchinjaji wa chama chetu. Nilimdanganya, na sijutii, na nikiulizwa huko mbele ntasema vilevile. Chungu cha mama kikarudi kwenye uchaga. Nikakichemsha alfajiri, nikakichemsha jioni, upawa mkavu, kifuniko hakifunuliwi ovyo. Mdogo wangu alikunywa kwa ndimu na chumvi, jasho likamtoka, akalala. Baada ya siku chache nguo yake ya kifuani ilikuwa imelowa. Akaniita kwa furaha, "Dada, njoo uone, nimevuja!" Mtoto akanyonya mpaka akalala na titi mdomoni. Nilikaa jikoni peke yangu nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mambo yangalikwenda hivyo mpaka arubaini, lau baba angalinyamaza. Lakini mtu wa chama hanyamazi. Alikwenda barazani, mbele ya watu wa pande zote mbili, waliokaa kila upande ukuta wake, akajigamba. Akasema mjukuu wake ananenepa kwa mifupa ya chama chetu, wale wa chama chao na wakatafune makongoro yao wenyewe. Upande wa pili mtu mmoja akacheka. Akamuuliza, "Mifupa ya chama chenu ipi, bwana? Mchinjaji wenu tangu mkutano wenu wa mwisho hajashika kisu." Baba akamgeukia mchinjaji wa chama chetu, ambaye alikuwa kakaa palepale ubavuni mwake. Yule akatazama chini. Baraza zima likaangua kicheko, na nilivyohadithiwa, hata wa upande wetu walicheka.

Nilikuwa nafagia uwanja aliporudi. Alinipita, akaingia jikoni, mahali asipopaingia, akakitoa chungu kwenye uchaga kwa mikono yake na kukimwaga chini ya mgomba, supu na mifupa na mafuta yote. Kisha akakiweka mbele yangu.

"Kioshe mara saba," akasema, "na moja kwa udongo."

Nikasema, "Baba, hino ni hukumu ya chombo alicholamba mbwa."

"Naijua ni hukumu ya nini."

"Aliyechinja ni ndugu yako. Bismillahi kaisoma."

"Kioshe!"

Nikakiosha. Kwa hasira, siyo kwa hofu, mara saba, na ya udongo nikaisugua mbele ya macho yake. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, anatazama supu yake inavyoingia ardhini. Alisema, "Baba, ntanyonyesha nini?" Baba akajibu kwamba Mungu ndiye mwenye kuruzuku.

Sikuweza tena kwenda kwa njia ya mikarafuuni, wala kwa yule jirani, maana baba aliweka mtu wa kunitazama. Maziwa yakapungua, kisha homa ikampanda mdogo wangu, kisha maziwa yakakata. Nikaomba maziwa ya ng'ombe, mtoto akaharisha. Nikampa maji ya mchele kwa kijiko, akayatema. Alikuwa analia, halafu akawa analia kwa chini chini, halafu akawa halii, na kule kutolia ndiko kulikonimaliza nguvu. Alikwenda asubuhi, mvua inanyesha, mapajani kwangu. Masikio yake tu ndiyo hayakupungua.

Walimzika watu wa chama chetu. Baba mdogo hakuruhusiwa kusogea. Alisimama kwenye mikarafuu mpaka watu walipoondoka, ndipo alipokwenda kutia udongo wake. Nilimwona kwa mbali nilipotoka kumwaga maji.

Baba aliacha kwenda barazani. Akawa hali, akitia kitu tumboni hakikai, na homa nayo ikamlaza kitandani. Nilimpikia uji, nikampikia muhogo, akageuza uso. Siku moja akaniita, midomo imekauka, akasema polepole kwamba anaitaka supu.

Nilimchukia. Nasema ilivyo: baba yangu mzazi, mgonjwa, na nilimchukia. Kisha nikajitanda, nikachukua kapu, na safari hino sikupita mikarafuuni. Nilipita njia kuu, mbele ya baraza, watu wa ukuta huu na ukuta ule wananitazama, nikaenda mpaka kwa baba mdogo na kurudi na makongoro juu ya kichwa, sikuyafunika. Nikayababua, nikayakwangua, nikayavunja, nikayatia kwenye chungu kilekile. Sikufanya haraka. Nilipika kama alivyonifunza mama, mpaka uboho ukayeyuka na mchuzi ukawa mzito.

Mdogo wangu alikuwa kakaa kwenye mkeka, chumbani kwa baba, kifua kakifunga kitambaa. Tangu mazishi alikuwa hasemi, na kicheko chake nilikuwa nimekwisha kukisahau. Nikaingia na bakuli. Baba akajiinua kwa kiwiko, akainusa ile supu, akaniangalia.

"Kachinja nani?"

"Mdogo wako."

Nilingoja alimwage bakuli lile. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na Mungu anisamehe, nilikuwa nalitaka, nipate pa kuanzia ugomvi. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea bakuli, akasema bismillahi, akanywa. Alikunywa bila ya kupumzika, akalamba mafuta midomoni, akanirudishia bakuli tupu ili nimtilie tena.

Mdogo wangu alikuwa anamtazama.

"Kumbe inanyweka," akasema.