Jirani na Mashine Yake ya Nyasi

Jirani yangu akimaliza kukata nyasi hawezi kuiacha mashine na uchafu wake. Huchomoa waya wa plagi, huilaza ubavu, halafu hukwangua kwa kijiti majani mabichi yaliyogandia kwenye kisu, taratibu, utadhani anamsugua mtoto mgongo. Zamani mkewe, aliyezoea kumwita "mama", ndiye aliyeishikilia isianguke. Tangu tumzike, Mungu amrehemu, anaiegemeza kwenye ndoo. Jana nikiwa naanika nguo, ndoo iliteleza, nikamsikia: "Shika basi, mama, unaangalia wapi?" Kisha akaizuia mashine kwa goti, kijiti mkononi. Nikazunguka ua, nikashika. "Usiachie, dada," alisema bila kuinua uso. Kisu kilikuwa kimeshatakata kitambo, naye anakwangua tu. Na mimi sikuachia.