Kijiti cha Naipanoi

Naipanoi wa Olmotonyi alilea watoto tisa, wake na wa wenzake, na hakuna hata mmoja aliyepata matege. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuwasikia wasichana wa kliniki wakitangaza jua la asubuhi kana kwamba limegunduliwa juzi. Mimi sikupelekwa shule, nilijifundisha kusoma mwenyewe, na nimesoma kwenye kitabu cha afya kwamba ngozi ikipata jua mwili hutengeneza vitamini D, na mifupa ikakaza. Sawa. Naipanoi hakujua jina hilo, lakini kazi aliijua.

Ukungu wa Mlima Meru ukishaondoka, alitandika ngozi ya kondoo nje ya zizi, akampaka mtoto siagi mwili mzima, akamlaza uchi. Upande wa jua alichomeka kijiti. Kivuli chake kilianguka juu ya ngozi, kikafupika taratibu. Kikishaiacha ngozi, alimwingiza mtoto ndani. Hakuzidisha, hakupunguza.

Mwaka 1951 kitindamimba wake, Lemburis, alipata kazi ya udresa, kufunga vidonda kwenye zahanati ya mjini. Akajenga nyumba ya bati, akamwoa Ndeshi, na mtoto wao Nanyori alipozaliwa akakataza ile ngozi.

"Yeyo, huyu si mwanakondoo wa kunonesha. Atashikwa na kichomi," alimwambia mama yake.

"Wewe nilikulaza hapo hapo," Naipanoi alijibu. "Ulishikwa?"

"Nilipona kwa bahati."

"Basi bahati yako ilipakwa siagi nyingi."

Ndeshi alicheka. Mumewe akamtazama, naye akaacha. Lemburis aling'oa kijiti akakitupa migombani. Mtoto akavishwa kofia ya sufu, akafungwa blanketi, dirisha likafungwa kuzuia upepo. Bibi aliomba mara mbili amtoe mtoto nje, akakataliwa.

Mwaka na nusu ulipita, Nanyori hajasimama. Alipojaribu, miguu ilipinda kama upinde. Wakampeleka mjini, kwenye zahanati ile ile ya Lemburis. Nami nilikuwa kwenye benchi, nikisubiri kufungwa kidonda cha moto mkononi.

Daktari, Mzungu mrefu, alibonyeza vifundo vya mikono ya mtoto.

"Huyu hajaona jua," alisema. "Nani anamtunza?"

Lemburis hakusita. "Bibi yake, bwana. Wazee wetu hawa huficha watoto ndani."

Naipanoi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, na Kiswahili alikisikia vizuri.

"Lemburis," alisema.

Ndeshi aliangalia sakafu. Mimi niliujua ukweli, maana nyumba zetu zilitenganishwa na uzio tu. Lakini kidonda changu kilikuwa kifungwe na Lemburis huyo huyo. Nikanyamaza.

Daktari aliwapa chupa ya mafuta ya samaki na amri: mtoto atolewe juani kila siku. Miezi ikapita, miguu ikaanza kunyooka, na kina mama wa Olmotonyi wakaja na watoto wao kujifunza jua la dresa. Ndivyo walivyoliita. Lemburis alipokea sifa zote, na sikumsikia hata siku moja akiwasahihisha.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alisimama penye ile ngozi, saa mkononi, ahesabu robo saa.

"Shikamoo, yeyo."

Naipanoi alikuwa ameshachomeka kijiti kipya. Alitazama kivuli.