Mwandiko wa Babu Gu

Zamani mtu aliandika barua kwa kuwa alikuwa na neno la kumwambia mwenzake. Siku hizi anaandika kwa kuwa kuna alama kumi na tano za mtihani.

Gu Shouren alikuwa mchochea tanuri katika kiwanda cha saruji, kabla hakijafungwa, kwenye mji mdogo wa jimbo la Gansu, Uchina. Shule aliiacha darasa la sita. Kiingereza alijifunza kwa redio na kwa kamusi aliyoinunua kwa muuza karatasi chakavu. Kamusi hiyo ilikuwa imefungwa kamba pamoja na kitabu cha kufuatishia mwandiko: herufi zilizolala upande, zimeshikana mikono tangu mwanzo wa neno hadi mwisho. Aliunakili mwandiko huo miaka kumi, mpaka mkono ukauzoea kama ulivyozoea beleshi.

Jumapili alasiri ndiyo nusu siku pekee ambayo shule iliwaachia wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wawili walikuwa wakija kujifunza Kiingereza chumbani kwake, katika nyumba za kiwanda: Miao Xinlei, binti wa muuza mikate ya mvuke, na Tang Kerui, mtoto wa jirani. Kwanza walisoma kwa sauti, wamesimama. Halafu barua. Nayo ilikuwa ileile: mwanafunzi mwenye jina la kubuni anamwalika rafiki yake Mwingereza aje kula sikukuu. Kwenye mtihani jina halisi lilikatazwa. Likionekana, karatasi inafutwa.

"Huyu Mwingereza tumemwalika mara ngapi mwaka huu?" Kerui aliuliza siku moja.

"Arobaini," alisema Xinlei. "Na hajaleta hata chungwa."

"Andikeni," alisema mzee. "Mdomo hauna alama."

Xinlei alikitaka chuo cha ualimu ambacho serikali humsomesha mtu bure. Akikikosa, atabaki kwenye mikate na mama yake. Kwa hiyo kila alichosema mzee alikishika, na mwandiko akaupata kuliko wote waliomtangulia. Kerui, mvivu, alibaki na herufi za shuleni, za mviringo, zimesimama mojamoja kama mayai kwenye trei.

Mwezi wa tatu ukaja mtihani wa majaribio. Barua ya Kerui ilipata kumi na mbili. Ya Xinlei ilipata saba.

Mama Xinlei alikuja siku ileile majibu yalipotoka, mikono bado ina unga.

"Mwalimu Gu, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza tu. Mwanangu kakosea nini?"

Mzee alivaa miwani, akaisoma barua mara mbili. "Hakuna kosa hata moja."

"Basi hizo nane kala nani?"

Xinlei ndiye aliyejibu, macho sakafuni. Mwalimu wa shule alikuwa amemweleza: karatasi zinapigwa picha, msahihishaji anazisoma kwenye kompyuta, na barua moja haimchukui hata dakika. Mwandiko ulioshikana anauona kama msafara wa siafu.

"Huo wa mviringo ni mwandiko wa mashine," alisema mzee.

"Na anayesahihisha hana tofauti na mashine, Babu."

"Watu waliosoma zamani..."

"Mwalimu," mama alimkatiza, taratibu, "hao wa zamani hawasahihishi. Mimi ninaye huyu mmoja, na kabakiwa na miezi mitatu."

Kesho yake mzee alikwenda duka la vifaa karibu na lango la shule, akanunua madaftari ya kufuatishia herufi za mviringo. Alinunua matatu.

Jumapili kumi walifuatisha, naye pamoja nao. Mkono wake ulikataa. Kila akifika herufi ya tatu, imekwisha kulala.

"Babu, neno lako limelewa," alisema Kerui.

"Limekuzidi umri. Liamkie."

Xinlei alimshika kifundo cha mkono, akamwongoza kama mtoto wa chekechea. Mzee aliacha aongozwe. Daftari lake halikufika mbali. La Xinlei ungedhani limepigwa chapa. Mwezi wa tano, kwenye majaribio ya pili, barua yake ilipata kumi na tatu. Mzee aliishika karatasi ile kwa muda. Asingeambiwa, asingejua ni ya nani. Alisema ni sawa.

Matokeo ya mtihani wenyewe hakuletewa. Aliyasikia kwa muuza mboga: Xinlei kapata chuo chake, Kerui kaenda kusini kusomea umeme. Zamani mwanafunzi aliyefaulu alimpelekea mwalimu matunda, akaketi mpaka aruhusiwe kuondoka. Desturi hiyo ilikufa na kiwanda.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa siku ya mtihani wa Kiingereza, nje ya lango. Mama Xinlei alivaa gauni jekundu la kubana, lenye mpasuo, kama akina mama wenzake, ili kuwaitia watoto ushindi, na alionekana kuona haya. Kerui alikuwa akitafuna yai. Xinlei alimwona mzee ng'ambo ya barabara, akainamisha kichwa kidogo, kisha akageuka kumfunga mama yake kifungo cha shingoni. Kengele ikalia, watoto wakaingia.