Ramani ya Mahari

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasomea kompyuta Kitale, katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la mbolea. Saa ya chakula mwalimu alituruhusu kucheza mchezo wa vita, na ndani yake mlikuwa na sehemu ya kujitengenezea ramani. Unachora mito na misitu, unapanga watu, kisha unaandika mchezaji afanye nini ndipo ahesabiwe ameshinda. Wenzangu wote waliandika jambo moja tu, ua maadui wote. Niliwaona hawana akili hata kidogo.

Kando yangu alikaa kijana wa Sirisia. Tulikuwa tumependana mwaka mzima, na mwaka mzima hakuwa ametamka lolote kuhusu kuja kwetu kuniposa. Kumuuliza nilishindwa, mimi na mdomo wangu huu usiojua kupumzika! Basi nikamtengenezea ramani. Lengo: toa ng'ombe kumi Sirisia, wapitishe Misikhu, wafikishe kwa baba wa msichana Kitale. Ng'ombe hawakuwamo katika mchezo ule, kwa hiyo nilichukua farasi nikawaita ng'ombe.

Mchezo ulitaka kila upande uwe rafiki au adui. Kwetu siku ya mahari wakwe hukaa upande wao wa meza na kubishana mpaka chai ipoe, kwa hiyo bila kufikiri mara mbili shangazi zangu, niliowapanga langoni kwa baba, niliwaweka maadui. Ng'ombe wa watu walipofika langoni, shangazi zangu walitoka na mikuki wakawamaliza wote. Kijana alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Nikawafanya shangazi marafiki. Ng'ombe hata mmoja hajainua mguu, kioo cha kompyuta kikaandika kwamba ameshinda, maana kwa mchezo ule asiyebaki na adui amekwisha shinda.

"Ati nimeshinda? Si hii ni kuoa bure, bana!"

Nilicheka, lakini nilikereka pia. Nikarudisha uadui, nikawapokonya shangazi mikuki, nikaandika kwamba watageuka marafiki ng'ombe wote wakishaingia bomani. Hapo nilijiona fundi kweli kweli! Akacheza tena. Wanne walimpotelea msituni, akafika langoni na sita, na mchezo ukamkatalia.

"Punguza bana. Weka sita."

"Sita ya nini? Umepoteza ng'ombe za watu, sasa unataka huruma?"

Hakucheka. Alitazama kioo, akakuna shingo.

"Sita ndio mzee wetu ako nazo. Amesema tutaleta Disemba. Kama mtakubali."

Furaha ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale, lakini mwalimu alikuwa mlangoni na chapati yake. Nikafuta kumi, nikaandika sita. Kisha nikahifadhi mara tatu, stima isije ikapotea.