Ekran ya tatu

Juzi, kwa fundi wa ordinateri, mama mmoja alifungua kitenge akatoa ekran nzee, kioo cha kompyuta ya marehemu mume wake, ambayo mama alikimbia nayo siku volkano ilipolipuka. Binti yake alitaka ekran ya tatu kwa mashine yake ya michezo, waliyoileta pamoja na ekran zake mbili mpya.

"Mama, ikikataa kuwaka tunaitupa."

"Ya papa yako haiwezi kukataa."

Fundi aliichomeka kwenye kadi ya picha ya mashine, ileile inayobeba zile mbili mpya. Giza. Mama akaipangusa polepole, kama uso wa mtoto. Fundi akabadilisha kamba, na gari la mchezo likatoka kwenye ekran mpya likaingia kwenye nzee.

"Unaona? Muzee naye anacheza," mama akasema.

Binti akaivuta karibu yake.

Zamani watu wa avenue yetu, mtaa mzima, walitazama ekran moja ya televisheni. Leo mtu mmoja anataka tatu. Angalau hii imekuja na mtu wake, yule marehemu.