Chokaa Nyuma ya Kuni

Kaka yangu alidai kwamba vitani, walipovuka kwenda Uganda, aliiona milima ya volkano kwa mbali. Miaka ilipopita na maradhi yakamlaza kwetu Muleba, volkano ndiyo mazungumzo pekee niliyoyaweza. Kuhusu ugonjwa wenyewe sikuwa na neno. Nilikuwa na kitabu cha zamani cha jiografia, kisicho na jalada, nikijisomea mwenyewe. Kilisema volkano hutoa hewa ileile tunayoitoa tunapopumua, na kwamba miamba huinywa polepole mpaka hewa hiyo inageuka jiwe.

"Jiwe linywe hewa?" Kaka alicheka hadi akakohoa. "Profesa, waitu, tafadhali, nionyeshe."

Mimi siwezi kuacha kitu nusu. Hofu ya kukosea hainipi usingizi. Nilikoroga chokaa katika maji, nikaiacha itulie, nikamimina maji ya juu kwenye glasi. Hayakuwa maangavu vya kutosha. Nikarudia mpaka yakawa kama ya kunywa. Nikampelekea pamoja na mrija wa baba wa kunywea rubisi, pombe ya ndizi, nikamwonya asinywe, apulize tu.

Akapuliza. Maji yakaanza kuwa meupe kama maziwa.

"Huo weupe ni pumzi yako, kaka. Chokaa imeikamata. Ukiuacha utatua chini, na ni jiwe."

Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akafurahi sana. Kisha akauliza, "Chokaa umeitoa wapi?"

Nilikuwa nimehangaikia maji, glasi, mrija. Hilo sikuliwaza. Miaka ile nani Muleba alikuwa akipaka nyumba? Chokaa na saruji vilitoka Bukoba kwa ajili ya kujengea na kupaka makaburi ya migombani. Baba alikuwa amevinunua mapema, akavificha jikoni, na sote tulikuwa tukimwambia kaka kwamba atapona.

"Ilikuwepo tu."

"Ilikuwepo wapi?"

Ningeweza kusema ya kanisani, ya shuleni. Uongo mzuri ulinijia baadaye, wote kwa pamoja.

"Nyuma ya kuni," nikasema.

Akaurudisha mrija mdomoni, akapuliza tena, taratibu, mpaka pumzi ikamwishia.

"Siku ya kupaka," akasema, "wasimpe baba mdogo. Yule hupaka kama anayefukuza kuku. Paka wewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Weupe ulikuwa ukitua chini ya glasi, nami sikuwa na la kufanya ila kuishika isitikisike.