Juisi Yangu ya Meza ya Bwana

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana Shelui nzima inajua, hata madereva wa malori wanaolala pale barabarani wanajua: mimi Tumaini, niliyezaliwa na kulelewa katika kanisa la Kimethodisti, ambaye sikuwahi kuonja pombe hata kwa ncha ya ulimi, nililewa. Kanisani. Tena mbele, nikiwa na sketi nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili. (Jamani, msicheke kwanza, ngojeni nifike.)

Lazima mjue mimi ni mtu wa namna gani. Shule niliishia kidato cha nne, mengine yote nimejifundisha mwenyewe kwa simu na kwa kuharibu: kushona, kupamba keki, kupiga kinanda cha kwaya. Na nikishika kitu nataka kitoke bila doa, la sivyo usiku mzima nageuka geuka kitandani.

Sasa kanisani kwetu tumegawanywa katika vikundi vidogo tunavyoviita madarasa, na darasa letu linakutana kila Alhamisi kwa shangazi yangu, ambaye ndiye kiongozi, na yeye anamuuliza kila mmoja mbele ya wenzake, "Roho yako inaendeleaje?" Jibu langu mimi huwa nimeliandaa tangu asubuhi, limenyooka kama upindo wa shati. Lakini jibu lililokuwa linatutoa machozi ni la Baba Furaha, fundi pancha wa malori, ambaye zamani mke wake alikuwa anamfuata mtaroni na toroli. Yeye alikuwa anasimama, anavua kofia, anasema, "Wiki hii sikunywa." Basi. Anakaa. Na sisi, "Amina!" mpaka mbuzi wa shangazi wanashtuka.

Jumapili ninayoisimulia ilikuwa ya kwake. Mchungaji wetu anahudumia makanisa mengi, anazunguka na pikipiki, kwa hiyo Meza ya Bwana tunaipata akifika tu, na asipofika tunahubiriwa na wahubiri wasaidizi huku tunangoja. Siku hiyo Baba Furaha alikuwa apokelewe kuwa mshirika kamili, kisha ashiriki kwa mara ya kwanza. Mama Furaha aliniletea kitambaa nimshonee gauni akaniambia, "Mwanangu, nishonee la kawaida tu. Siku hiyo nataka watu wamwangalie baba yenu, wasiniangalie mimi." Nilimshonea huku naimba!

Na shangazi akanipa kazi ya kuandaa meza. Kwetu hatutumii divai, tunatumia juisi ya zabibu isiyo na kilevi, ili hata mtu aliyeacha pombe jana apige magoti bila wasiwasi. Kwa kawaida tunanunua ya boksi dukani, tunamimina kwenye vikombe vidogo, imeisha. Lakini Jumatano basi la kutoka Dodoma likasimama, mama mmoja akashuka na ndoo ya zabibu, nyeusi, zimenona, na mimi nikajiambia: siku kubwa kama hii, juisi ya boksi? Mimi nipo, simu ipo, bando lipo!

Nikazikamua zote. Video ilisema chemsha, nikachemsha kidogo, kikombe kimoja tu, kujaribu, rangi ikageuka kama chai ya jana. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo: sichemshi. Nikaongeza sukari, nikachuja kwa kitambaa kipya, nikajaza chupa, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote, nikazifunga blanketi zisipate vumbi, nikazipanga nyuma ya jiko. (Ndiyo, nyuma ya jiko. Ndipo palipokuwa pasafi kuliko pote.)

Jumapili asubuhi nilizikuta zina povu jembamba juu, nzuri kama soda. Kwenye chumba cha mchungaji nikafungua ya kwanza, kifuniko kikaruka, pwaa! kikagonga dari. Mchungaji akacheka, "Binti, juisi yako ina furaha kuliko wewe." Nikanusa, nikaona harufu mpya, kali kidogo, nikafikiri ndivyo zabibu halisi zinavyonukia, sisi tumezoea za boksi. Nani angejua? Mchungaji baba yake alikuwa mchungaji, shangazi hajawahi kugusa hata togwa iliyolala.

Ibada ilikuwa ya moto! Baba Furaha akaulizwa maswali yake, akajibu kwa sauti, vigelegele vikalia. Akapiga magoti. Mchungaji akanywa kwanza kama ilivyo desturi, akafumba macho, akakaa nayo mdomoni kidogo, akameza. (Mimi kwenye kinanda nikajua ameguswa na ubora.) Kisha akamsogezea Baba Furaha trei.

Baba Furaha akachukua kikombe, akakipandisha, kikafika chini ya pua, kikasimama. Akakirudisha kwenye trei taratibu.

"Mchungaji, samahani," akasema. "Hii mimi niliiacha."

Kwaya wakaangaliana.

"Ni juisi, mzee wangu," Mchungaji akamwambia. "Usiogope."

"Siogopi. Nimeiacha."

Nyuma minong'ono ikaanza. "Kashaanza huyo, juisi anaiona pombe." "Si nilisema hatafika?" Nikamwona Mama Furaha ameinamisha kichwa, ule mgongo wa gauni nililonyoosha kwa siku nzima umejikunja kama umepigwa. Nami, badala ya kutulia niwaze, nikapanda moto. Ningependa kusema nilikuwa namtetea Baba Furaha. Hapana. Nilikuwa naitetea juisi.

Nikaruka kutoka kwenye kinanda, nikashika kipaza sauti, nikasema, "Shikamooni wazee wangu, hii juisi nimeikamua kwa mikono yangu miwili, haina kitu, tazameni!" Nikachukua chupa, nikamimina kikombe cha chai kizima, nikanywa chote. Watu wakaendelea kunong'ona, nikamimina kingine, nikafika nusu. Na mjue nilikuwa nimefunga tangu jana jioni ili niandae meza nikiwa safi.

Mwanzo hakuna kitu. Halafu masikio yakapata joto. Halafu nikapata kwikwi, na kwikwi yenyewe ikapita kwenye kipaza sauti ikatoka spika zote mbili. Halafu nikaangalia juu nikaona zile kenchi za paa zimepangika vizuri ajabu, nikatangaza, kwa sauti ya kuhubiri kabisa, "Ndugu zangu, hili paa... hik!... hili paa nataka nilishonee pazia."

"Tumaini!" Shangazi akasimama. "Ulichemsha?"

"Ingepoteza rangi, shangazi!"

Kanisa likapasuka. Kwaya walilaliana mabegani, wazee walificha nyuso nyuma ya vitabu vya nyimbo, na Mchungaji akaangalia kikombe chake kitupu kama mtu aliyeona nge. Aliyekuja kunishika ni Baba Furaha. Aliinuka pale magotini, akanivutia kiti, akaninong'oneza, "Kaa, mwanangu. Usiangalie juu, angalia miguu yako. Itapita." Nikaangalia miguu yangu. Ilikuwa mingi.

Mchungaji akajikohoza, akasema labda meza iahirishwe mpaka atakaporudi. Hakuna aliyejua atarudi lini, maana mvua zikianza ile njia ya kwake hukatika. Baba Furaha akarudi, akapiga magoti palepale.

"Mchungaji, mimi nimekuja leo."

Nikasikia kanga zinachakacha. Mama Furaha alikuwa ameinuka, anatoka nje mbiombio kwenye banda wanakopikia akina mama, akarudi na jagi la juisi ya rozela aliyoipika kwa ajili ya chakula cha kumpongeza mumewe. Ilikuwa bado ya vuguvugu.

"Imechemshwa?" Mchungaji akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo.

"Imechemka asubuhi hii mpaka imeuma sufuria, Mchungaji."

Mchungaji akaomba upya. Baba Furaha akapewa kikombe, akakinusa kwa muda mrefu. Akanywa. Hapo kinanda kilitakiwa kilie, mpigaji nipo kwenye kiti naangalia miguu, kwa hiyo wimbo ukaanzishwa na Mama Furaha bila ala yoyote, na mwenyewe amenyooka, gauni limekaa! Nililia kuliko wote, na sitaki mtu aniambie ilikuwa zabibu.

Wiki hiyo sikutoka nje. Vijana wa kwaya wakipita dirishani wanaita, "Dada Pazia! Paa linakungoja!" Alhamisi nilimwambia shangazi naumwa kichwa, akasema kichwa kije vilevile. Nikakaa kwenye kona. Zamu ikazunguka, ikamfikia Baba Furaha, akasimama, akavua kofia, "Wiki hii sikunywa." Amina! Kisha shangazi akanigeukia.

"Tumaini, roho yako inaendeleaje?"

Jibu langu nililokuwa nimeliandaa nikaliacha palepale. Nikasimama, sina hata kofia ya kuvua.

"Wiki hii," nikasema, "nilikunywa."

Walijikaza wasicheke. Shangazi alijikaza kuliko wote, akaangalia mbuzi.

"Kiasi gani?" akauliza Baba Furaha.

"Kimoja, baba. Na nusu."

"Basi wewe bado uko karibu, utarudi," akasema, akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi pembeni yake. "Njoo ukae huku. Kulisema mara ya kwanza ndiko kunauma."

Siku hizi juisi ya Meza ya Bwana bado naiandaa mimi, alfajiri ya Jumapili yenyewe, na naichemsha mpaka inakuwa na rangi ya chai ya jana. Ni mbaya kuitazama, na sitaipendezesha tena maishani mwangu. Baba Furaha hupewa kikombe cha kwanza, na hakinusi tena.